Hizo hongera za maabara zina hela? Leo najibu

Haya, nimerudi. Swali ni lilelile, na kujibu mmoja mmoja kumenishinda. "Dada, kila ukiposti ni hongera, mara cheti, mara makofi koridoni. Hizo hongera zinalipa?" Mwingine kaandika, "Huyu anaringa tu." Na nikigusia shida za huku, walewale wanasema nalalamika, si nirudi nyumbani. Basi leo mtanivumilia, naringa na kulalamika kwa pamoja.

Tuelewane kwanza. Nasoma uzamivu wa biolojia hapa Marekani, kwenye maabara ya utafiti ya chuo. Zile video za pongezi nyingi si zangu, ni za wenzangu. Wiki hii fulani kafaulu mtihani wa kukubaliwa kuwa mtahiniwa, yaani sasa anaruhusiwa kuendelea na tasnifu yake ya uzamivu, wiki ijayo dogo wa shahada ya kwanza kashinda zawadi ya bango la kuonyesha utafiti wake kwenye kongamano. Na wanaouliza kwa nini tunasherehekea koridoni kama watu waliofukuzwa: ndani ya maabara huli wala hunywi, hata maji. Meza zile zina bakteria, zina kemikali. Kwa hiyo glavu zinavuliwa, mikono inaoshwa, koti linaachwa ndani, ndipo makofi yanaanza. Muda si muda mtu anakumbuka ana sampuli kwenye mashine, huyo anakimbia.

Mnasema tunasherehekea vitu vidogo. Ni kweli, kwa sababu siku nyingi hata hicho kidogo hakipo. Unashinda asubuhi nzima na pipeti, kile kifaa cha kunyonya vitone, unapima vitone ambavyo ukipiga chafya vimepotea, unaweka kwenye mashine ya PCR inayonakili DNA mara nyingi, unasubiri, unapitisha umeme kwenye jeli ili vipande vya DNA vitengane, unawasha taa ya urujuanimno. Giza. Pembeni inang'aa ngazi ya vipimo peke yake, yaani vile vipande vya DNA vya kupimia ambavyo urefu wake unajulikana, maana yake jeli iko sawa, umeme uko sawa, tatizo ni sampuli zako. Unaanza upya. Sasa siku ule mstari mmoja wa sampuli yako ukang'aa pale pale ulipotakiwa kuwa, hata kama ni saa nne usiku, utamwita mlinzi aje aone.

Na kungoja si kwetu tu. Carol Greider alikuwa mwanafunzi wa uzamivu pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya mwanasayansi Elizabeth Blackburn. Siku ya Krismasi mwaka 1984, watu wako makwao, yeye kaenda maabara kuangalia filamu ya picha ya matokeo ya jaribio lake, akaona mistari inayojirudia kwa mpangilio. Ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, na waliipata kwa kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye madimbwi. Nobel ikaja 2009, yeye na Blackburn na Jack Szostak. Hesabuni miaka hapo katikati. Halafu mtu anataka bango la dogo lilipe mwezi huu.

Haya, hela. Najua ndiyo mliyoifuata.

Posho yangu inatokana na kufundisha au ruzuku ya msimamizi, inategemea muhula. Visa yangu ya F-1, ile ya wanafunzi, inaniruhusu kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, basi. Kwa hiyo wale wa "si utafute kazi ya pembeni," mnanitafutia safari ya kurudishwa.

Zawadi nazo, nyingi ni jina la heshima la nauli. Niliwahi kutangazwa nimeshinda fedha za safari, nikapigwa picha, mkaniona nimeshika cheti nacheka. Fedha zenyewe ni za kurejeshewa. Nikalipa tiketi kwa kadi yangu, hoteli kwa kadi yangu, ada ya kongamano kwa kadi yangu. Nimerudi, fomu zikaanza. Risiti ya teksi ikakataliwa kwa kuwa haionyeshi jina langu. Ya hoteli ikarudishwa kwa kuwa inaonyesha jina langu bila mchanganuo wa siku. Ofisi moja inanituma nyingine, na ile nyingine inaniuliza nani kanituma. Pesa ilipoingia, riba ya kadi ilishatangulia. Na wakati huo huo baba mdogo ananipigia, "Mwanangu, tumeona umeshinda huko." Baba, nimeshinda deni.

Kodi nayo. Sisi wageni wa F-1, ule ufadhili unaozidi ada na vitabu hukatwa asilimia 14 kabla haujatufikia. Wapo wanaosamehewa kwa mikataba ya kodi kati ya nchi zao na Marekani. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba huo, kwa hiyo msiniulize nilijaza fomu gani ya msamaha.

Kuna hili pia linaloniuma, na nalisema bila chuki. Ufadhili mkubwa wa wanafunzi wa sayansi huku ni ule wa NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, unaoitwa GRFP. Posho dola 37,000 kwa mwaka, kwa miaka 3. Ni wa raia na wenye ukaazi wa kudumu. Jirani yangu wa meza aliupata, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, na nilimsaidia kusoma andiko lake la maombi. Mimi fomu ile siruhusiwi hata kuituma. Kwenye video mnaniona nacheka. Nilicheka kweli, mtu kafanya kazi. Ila usiku hesabu nilizipiga.

Sasa mbona bado nashangilia na kuposti? Kwa sababu kwa mgeni, kila hongera nafuatilia karatasi yake. Makofi yakiisha tu naomba barua yenye tarehe, saini, na sentensi inayosema walishindana wangapi. Watu maabara wananicheka. Wacheke. Maombi ya ukaazi ya watu wa uwezo wa kipekee yanataka ushahidi kwenye vigezo visivyopungua 3 kati ya 10, na humo mna tuzo, mna makala za kitaaluma, mna kuhakiki kazi za wengine. Zawadi zinazoshindaniwa na wanafunzi peke yao mara nyingi hazina uzito mkubwa hapo, msije mkasema nimewadanganya. Mimi si mwanasheria, na maabara yangu si maabara yako. Kuna mwenzangu hana hata cheti kimoja ukutani na mambo yake yamenyooka kuliko yangu.

Kitu ambacho sijawahi kukiposti ni hiki. Tulikuwa na dogo mmoja wa shahada ya kwanza, kazi yake nzi wa matunda. Unawalaza kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, unawamwaga chini ya hadubini, unawatenga kwa brashi ya rangi, dume huku, jike huku, kabla hawajaamka. Kafanya hivyo muhula hadi muhula. Makala ilipokubaliwa na jarida tukatoka koridoni kama kawaida, makofi, picha. Jina la dogo lilikuwa kwenye shukrani mwishoni, halikuwa kwenye waandishi. Wapo wanaosema kutenga nzi si mchango wa kisayansi. Mimi nasema zile takwimu zote za kwenye mchoro wa pili zilipitia kwenye brashi yake, na nilisema hivyo kikaoni, nikaambiwa waandishi walishapangwa. Yeye alipiga makofi na sisi. Sasa hivi anaomba nafasi ya uzamili, na kwenye wasifu wake ile kazi yote haina pa kuandikwa zaidi ya "msaidizi". Barua ya kumpendekeza nimemwandikia, ukurasa na nusu, nzi wote wamo. Lakini mimi ni mwanafunzi, na fomu inataka ya profesa.