Volti Zinazopotea Njiani: Taa za Mbele za Gari la Zamani

MWANAIDI: Karibu, msikilizaji, katika kipindi chetu. Mimi ni Mwanaidi, na niko pamoja na mwenzangu Bakari, ambaye ni fundi umeme wa magari. Leo tunazungumzia taa za mbele za gari la zamani: kwa nini hufifia, na nini kifanyike kabla mwenye gari hajakimbilia dukani. Gari langu mwenyewe lilinifikisha kwenye mada hii. Nilibadilisha balbu mara mbili, kila mara nikinunua ya bei kubwa zaidi, na usiku bado nilikuwa nikimwona mtembea kwa miguu akiwa karibu mno kwa usalama wake. Kaka Bakari, tatizo lilikuwa wapi?

BAKARI: Ahsante, dada Mwanaidi. Balbu zako zilikuwa nzima. Umeme ndio haukuwa ukizifikia ipasavyo. Katika magari mengi ya zamani umeme wa taa huanzia kwenye betri, ukaingia ndani ya gari, ukapita kwenye fyuzi, ukapita kwenye swichi ya usukani, kisha ukarudi tena mbele kwa waya mwembamba. Balbu mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9, na ampea zote hizo hupita kwenye vidole vidogo vya shaba vilivyomo ndani ya swichi. Baada ya miaka 20 au zaidi vidole hivyo huwa vimeungua, viungio vimeota kutu ya kijani, na kila penye ukinzani, hata uwe mdogo kiasi gani, volti kidogo hubaki hapo zikigeuka kuwa joto.

MWANAIDI: Nilipokuletea gari, hukugusa balbu hata kidogo. Ulianza na mita.

BAKARI: Nilianza na mita kwa sababu macho hayawezi kutofautisha balbu iliyochoka na waya uliochoka. Injini ilikuwa ikinguruma, taa za dimu, yaani mwanga wa chini, zikiwaka, na betri ikisoma volti 14.1. Niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine nyuma ya soketi ya balbu, kwenye pini inayoleta chanya, balbu ikiwa imechomekwa. Mita ilionyesha 1.6, na hizo ndizo volti zilizopotea kwenye waya wa chanya. Kisha nikapima upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kutoka pini ya ethi ya soketi hadi nguzo hasi, nikapata 0.6. Jumla ni 2.2, kwa hiyo balbu ilikuwa ikipata volti 11.9 tu.

MWANAIDI: Naomba usisitize jambo la balbu kubaki imechomekwa, maana mimi nilipojaribu kupima peke yangu niliichomoa, nikapata volti 14 kamili, nikaridhika kwamba waya ni mzima.

BAKARI: Hilo huwapotosha wengi. Balbu ikichomolewa hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea, hata kama waya umebakiwa na nyuzi tatu tu za shaba. Waya hupimwa ukiwa umebeba mzigo wake.

MWANAIDI: Msikilizaji anaweza kuona kwamba volti mbili si kitu.

BAKARI: Ni kitu kikubwa, kwa sababu mwanga wa balbu ya halojeni haupungui sambamba na volti, bali hufuata volti zilizopandishwa kwa kipeo cha 3.4 hivi. Balbu ya kawaida ya H4, yenye nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu, yaani mwanga wa mbali, hupimwa kwa volti 13.2, na hapo upande wa dimu hutoa takriban lumeni 1000, lumeni ikiwa ni kipimo cha mwanga, na upande wa fulu takriban 1650. Kwa volti 11.9, dimu yako ilikuwa ikitoa kama lumeni 700. Baada ya kuzipa taa njia mpya ya umeme, volti kwenye soketi zilifika 13.7, na kwa balbu ileile mwanga ukapita lumeni 1100. Hatukununua balbu yoyote.

MWANAIDI: Na rangi pia ilibadilika, ule umanjano wa utambi wa kibatari uliondoka. Sasa tueleze kazi yenyewe.

BAKARI: Tunaiondolea swichi mzigo. Swichi inabaki na kazi moja tu, ya kuamsha rilei, yaani swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme, na koili ya rilei, ule waya uliozungushwa unaotoa sumaku hiyo, huvuta chini ya robo ya ampea. Mkondo mkubwa unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei, na kuingia kwenye balbu kwa njia fupi iliyo ndani ya boneti. Unahitaji rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Rilei nyingi huwa na namba kwenye pini zake: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni ncha za koili. Angalia vizuri kama rilei yako ina pini ya 87a, kwa sababu pini hiyo imeungana na 30 rilei inapokuwa imelala, na ukiunga taa hapo zitawaka wakati swichi imezimwa.

MWANAIDI: Waya wa unene gani?

BAKARI: Milimita za mraba 2.5 kwa kila taa zinatosha, na kutoka betri hadi kwenye rilei natumia 4. Ethi nayo ipate waya mpya wa unene uleule, kwa sababu umeme unaokwenda ni sharti urudi, na nimeona watu wakiweka waya mzuri upande wa chanya huku ethi ikiendelea kushikiliwa na skrubu moja iliyoota kutu kwenye bati. Kwangu fyuzi ndiyo isiyo na mjadala kabisa: ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, na kikichubuka kikagusa bodi, waya utawaka moto. Napendelea pia taa ya kushoto na ya kulia ziwe na fyuzi tofauti, ili moja ikikatika usijikute gizani ghafla ukiwa katikati ya kona.

MWANAIDI: Nilipenda kwamba hukukata waya hata mmoja wa kiwandani.

BAKARI: Sikukata. Soketi ya zamani ya taa moja ndiyo iliyotumika kuamsha rilei, na ile nyingine nikaifunga vizuri kwa tepu isiingie maji. Siku ukitaka kurudisha mfumo wa awali, unachomoa na kuchomeka. Rilei nilizifunga pini zikitazama chini, ili maji ya mvua yachuruzike badala ya kutuama ndani. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha kila kimoja ukivute kwa nguvu ya mkono; kinachochomoka hapo kingechomoka barabarani.

MWANAIDI: Kuna jambo lilikusimamisha kwa muda ulipofika kwenye soketi, ukarudia kupima.

BAKARI: Ndiyo, na ni vizuri umelikumbuka. Katika baadhi ya magari ya zamani, hasa ya Kijapani, swichi haikati chanya bali hukata ethi. Pini ya pamoja ya balbu ina chanya, na swichi ndiyo inayoifikishia ethi dimu au fulu. Fundi asiyelijua hilo ataunga koili kama alivyozoea, rilei haitaamka, naye atadhani ni mbovu. Kwa hiyo kabla ya kuunga chochote, washa dimu balbu zikiwa mahali pake, kisha pima kila pini dhidi ya bodi: ikiwa pini ya dimu inasoma karibu na sifuri huku ya pamoja ikisoma volti za betri, gari lako ni la aina hiyo, na koili itapata chanya kutoka pini ya pamoja na ethi kutoka pini ya dimu.

MWANAIDI: Tuje kwenye balbu, maana wengi huanzia huko. Kuna zinazouzwa za wati 100 kwa 90, yaani fulu kwa dimu.

BAKARI: Siziungi mkono. Katika waya wa zamani huongeza mkondo, na mkondo ukiongezeka volti zinazopotea nazo huongezeka, kwa hiyo sehemu ya faida inaishia kuunguza soketi. Hata waya ukiwa mpya, joto lake hubabua riflekta, ile sehemu inayoakisi mwanga ndani ya taa, na kuharibu taa zenye kioo cha plastiki, na katika nchi nyingi haziruhusiwi barabarani. Balbu zilizopakwa rangi ya buluu nazo hupendeza machoni, lakini rangi ile ni chujio, na chujio huondoa mwanga. Balbu nzuri ya wati 60 kwa 55 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inatosha. Usiguse kioo chake kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto kupita kiasi. Ujue pia kwamba volti zikipanda kwa asilimia 5, maisha ya balbu hupungua karibu nusu, kwa hiyo weka ya akiba garini.

MWANAIDI: Na za LED zinazoingia kwenye soketi ileile?

BAKARI: Taa ya H4 imechongwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi wa balbu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya riflekta, na hicho ndicho kinacholinda macho ya dereva anayekuja mbele yako. Chipu ya LED haina umbo la uzi ule, na ikihama milimita moja tu mwanga hutawanyika. Wewe utaona mwanga mwingi mbele ya bampa, mwenzako ataona weupe mtupu. Ujerumani ilianza mwaka 2020 kuruhusu baadhi ya balbu hizo, lakini kwa aina mahususi za magari zilizopimwa nazo. Pasipo kipimo cha namna hiyo, mimi simfungii mteja.

MWANAIDI: Baada ya kufunga boneti ulinipeleka mbele ya ukuta.

BAKARI: Mwanga ulioongezeka ukielekezwa vibaya unaumiza watu zaidi ya ule hafifu. Gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na dereva akiwa kwenye kiti chake. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, ukichore ukutani, kisha shusha mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa dimu ulale kwenye mstari huo wa chini, isipokuwa kitabu cha gari au alama iliyopigwa kwenye taa itaje mteremko tofauti.

MWANAIDI: Taa yangu ya kulia ilikuwa juu ya mstari kwa upana wa kiganja.

BAKARI: Ndiyo, na skrubu yake ilikuwa imeganda kwa kutu. Tuliipaka mafuta ya kulainisha, tukasubiri robo saa, kisha ikazunguka.