Kitoto cha ayala kimezaliwa kabla ya wakati: joto kwanza, maziwa baadaye

Wadau, habari za huko nyumbani. Leo naongea taratibu, kuna mgonjwa hapa pembeni. Huku Texas ndiyo kwanza saa kumi na moja alfajiri, nyie huko nadhani mmeshakula cha mchana. Ngoja nigeuze kamera. Mnamwona? Huyo kwenye boksi, mwenye madoa meupe mgongoni. Kichwa chake hakijafikia ngumi yangu.

Kwa wageni wa chaneli, mimi ni kijana wa Kongwa, nafanya kazi kwenye shamba la ayala, vilimani magharibi ya San Antonio. Hawa ni ayala wa mkia mweupe, ukoo mmoja na wale wa Zaburi ya 42, siyo swala wetu wa mbugani. Dume huangusha pembe kila mwaka akaotesha nyingine, na ni pembe hizo wawindaji wa huku wanazotolea hela ndefu. Ndiyo biashara yenyewe. Majike wengi tunawapandisha kwa mrija, yaani mbegu ya dume inaingizwa na mtu, kwa hiyo tarehe zote zimo daftarini. Mimba yao ni siku 200 hivi. Mama wa huyu kazaa kama majuma mawili kabla. Pacha mwenzake alitoka amekufa, mama akajiondokea, na chuchuni hana hata tone.

Ila hata bila daftari ungejua tu. Angalia masikio, yamelala hayana nguvu. Nikimfunua mdomo, hapa, meno ya mbele bado yako ndani ya ufizi, wakati mtoto aliyetimia huzaliwa yameshachomoza. Miguu inalegea kwenye vifundo, akisimamishwa anakanyagia nyuma ya kwato. Aliyetimia huwa na kilo mbili hadi tatu na kitu. Huyu hata moja na nusu hakufika.

Sasa, kuna shangazi mmoja aliandika kwenye kile kipande kifupi cha jana: "Mpe mtoto maziwa, unamtazama tu!" Shangazi, shikamoo. Ningempa saa ile ningemuua. Mtoto aliyepoa, tumbo lake limelala. Maziwa yanabaki humo yanachacha, na kwa kuwa kumeza kwenyewe hawezi, mengine yanapitiliza mapafuni, halafu unahangaika na nimonia. Joto lake la kawaida ni kama digrii 38.5 mpaka 39.5. Huna kipimajoto? Mtie kidole mdomoni. Ukikuta ulimi wa baridi, weka chupa chini.

Kwa hiyo kwanza anakaushwa kwa taulo, anasuguliwa hasa, si kupapaswa. Halafu chupa za maji ya moto zilizozungushiwa kitambaa, na taa ya joto upande mmoja tu wa boksi, ili mtoto akizidiwa na joto asogee. Huyu kusogea hajui, kwa hiyo namsogeza mimi. Kitovu kinachovywa kwenye iodini.

Akishapata joto ndipo dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, inapokuja, na hapo usilaze damu. Wanyama wanaocheua kinga ya mama haiwafikii wakiwa tumboni, inakuja yote na dang'a, na utumbo unafunga mlango baada ya saa 24 hivi. Sisi tunagandisha ya mbuzi. Tunaiyeyusha polepole kwenye maji ya vuguvugu, maana ukiichemsha umeiua kinga yenyewe. Kunyonya bado hajui, kwa hiyo anapitishiwa mpira hadi tumboni. Unaupima kwa nje kwanza, kutoka mdomoni mpaka ubavu wa mwisho, unatia alama. Anayejifunza afundishwe na daktari wa mifugo, asijaribu kwa kuangalia video yangu. Na hata atakapoweza chupa, msimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Anakaa kifudifudi, shingo juu.

Halafu hii hapa sasa, chekeni tu. Nachukua kitambaa cha maji ya vuguvugu, namsugua chini ya mkia. Peke yake hakojoi wala hapati choo, mama ndiye humlamba mpaka kitoke. Mama hayupo, nipo mimi. Eti nimepanda ndege kuja Marekani kufuta makalio ya ayala! Wafugaji wa Kongwa wananielewa. Subiri... haya, kojo hilo hapo. Leo nina furaha kuliko siku ya mshahara.

Mnauliza kwa nini yuko ndani na nje kuna joto la Juni. Sisimizi, jamani. Kuna wekundu huku, asili yao Amerika ya Kusini, wakimkuta mtoto mchanga asiyeweza kuinuka wanaanza na macho na kitovu. Lakini ukimkuta mtoto wa porini amejikunyata kwenye nyasi, mzima, macho yamemtoka, mwache. Mama kamficha, atarudi kumnyonyesha. Watu wa mjini wanawaokota kila mwaka wakidhani wametupwa.

Watoto wa bosi wanataka kumpa jina. Mimi nimekataa, ni dume. Dume aliyelelewa kwa chupa haogopi mtu, na msimu wa kupandana ukifika atakuona wewe ndiye dume mwenzake, akujie na pembe. Ndiyo maana simbusu, simbebi ovyo. Akipata nguvu anapelekwa kwa wenzake, anavishwa hereni ya namba. Sheria za huku zimebana tangu ugonjwa wa kukondesha ayala ulipogundulika 2015 kwenye shamba la ufugaji, kaunti ya Medina, jirani tu hapa.

Pumzi yake bado siipendi, ni ya haraka mno. Daktari anarudi asubuhi. Mama mdogo, hela ya mbegu za alizeti nimetuma, angalia simu. Ngoja nikabadilishe maji kwenye hizi chupa, yameshaanza kupoa.