Thimu Imerudishwa, Tufanyeje?

ISSA: Tupo hewani kutoka Mtwara mjini, feni inapiga kelele, mtuvumilie. Dada Somoe, wewe unatengeneza thimu za Shopify, yaani mavazi ya maduka ya mtandaoni yanayojengwa kwenye huduma hiyo. Kijana wa Chikongola akituma yake ikauzwe kwenye Theme Store, soko la Shopify la thimu, wakaguzi wanaangalia nini kabla ya kuikubali au kuirudisha?

SOMOE: Wanaangalia kwanza ina tofauti gani na zilizopo. Ukichukua thimu ya bure, tuseme Dawn, ukabadili rangi na fonti, hapo hujatengeneza kitu.

ISSA: Na wengi ndiko wanakoanzia.

SOMOE: Kujifunzia ruksa. Kuuza ni habari nyingine.

ISSA: Haya, kasi.

SOMOE: Wanapima kwa Lighthouse, chombo cha Google kinachozipa kurasa za wavuti alama. Wastani wa alama za utendaji, ndiyo hiyo kasi, usipungue 60, wa ufikivu usipungue 90. Hiyo 60 utaipata. 90 ndiyo inayowatoa watu jasho.

ISSA: Ufikivu, yaani asiyeona vizuri naye anunue?

SOMOE: Asiyeona, asiyeweza kushika kipanya, wote. Jaribu hivi, kaka. Weka kipanya pembeni. Bonyeza Tab mpaka ufike “Weka kikapuni”, kisha Enter. Kikapu kinafunguka ubavuni, safi. Bonyeza Tab tena: ile fremu inayoonyesha upo wapi inaendelea kutembea kule nyuma, kwenye ukurasa uliofunikwa!

ISSA: Kikapu anakiona, hakifikii.

SOMOE: Eeh! Inatakiwa ihamie ndani ya kikapu, izunguke humo humo. Ukibonyeza Esc kikapu kijifunge, fremu irudi kwenye kitufe ulichoanzia.

ISSA: Na yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe mnayoyapenda wabunifu?

SOMOE: Usinisingizie mie! Maandishi ya kawaida yanataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake. Kijivu hafifu hakifiki.

ISSA: Mie kinachoniudhi ni duka la mfano, lile mnaloonyeshea thimu. Picha zote za studio, kila bidhaa jina neno moja.

SOMOE: Duka gani liko hivyo? Weka “Korosho za Newala zilizokaangwa kwa chumvi, nusu kilo” uone. Kadi moja inarefuka, vitufe havilingani tena, safu nzima inakwenda upogo. Picha moja imepigwa wima kwa simu, nyingine imelala, ya tatu haipo kabisa. Thimu ivumilie yote hayo. Halafu mtu anaandika “TSh” kwa mkono ndani ya msimbo! Liquid, lugha ya kuandikia thimu, ina kichujio cha money kinachoandika bei kwa fedha ya duka, mwenye duka ndiye anayechagua fedha yake.

ISSA: Ikirudishwa?

SOMOE: Usirekebishe ukurasa waliotaja tu. Kosa lile lile litafute kila mahali, maana mkaguzi ataangalia tena.

ISSA: Msikilizaji wa Mikindani anauliza, Kiingereza lazima?

SOMOE: Nyaraka atazisoma kwa Kiingereza, hana jinsi. Ila maneno ya kwenye vitufe ayaweke kwenye faili za locales, zile za tafsiri, asiyachimbie ndani ya msimbo. Mwenye duka wa Masasi ayageuze Kiswahili mwenyewe, asikupigie simu usiku.

ISSA: Usiku nakupigia mimi.

SOMOE: Wewe nimeshakuzoea.