Mpaka wa Kwanza Uko Kwenye Mizani

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Naona kuna walioitikia zote tatu. Hapo nimejua kweli niko Tanga.

Nimeitwa nizungumze na vijana waliopata vyuo Ulaya, pamoja na wazazi wao, kuhusu pasipoti, viza na masharti ya kuingia nchi za watu. Niseme mapema: sikuwahi kuwa afisa wa Uhamiaji, na ubalozini nimeingia kama ninyi, kwa kupanga foleni. Kazi yangu kwa miaka 19 ilikuwa kaunta ya ndege. Mimi ndiye yule anayekuambia uweke begi kwenye mizani, kisha ananyamaza, anatazama kompyuta, anatazama pasipoti yako, anarudi tena kwenye kompyuta, na wewe jasho linaanza kukutoka.

Leo nataka mjue nilikuwa natazama nini.

Wengi hudhani mpaka wa Ujerumani uko Frankfurt. Uko pale kwenye mizani, Dar es Salaam, na sababu yake ni hela. Kwa taratibu za usafiri wa anga zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, abiria akikataliwa kuingia nchi ya watu, shirika lililompeleka ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha. Juu ya hapo kuna faini. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliziagiza nchi zake zitoze mashirika faini kwa kila abiria asiye na hati zinazotakiwa, na hesabu yake huanzia kwenye yuro 3,000 hadi 5,000 kwa kichwa. Uingereza ni pauni 2,000. Sasa mfikirie binti wa kaunta mwenye foleni ya watu mia mbili. Hakuna bosi atakayempongeza kwa huruma yake. Anafungua mfumo uitwao Timatic, wa shirikisho la mashirika ya ndege, IATA. Anaingiza uraia wako, unakokwenda na unakopitia. Skrini inamjibu. Ikisema hapana, kulia hakusaidii. Nimeliliwa sana.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo tunapoumia zaidi.

Cheti cha kuzaliwa kimeandika Aisha. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Asha, kwa sababu ndivyo mtoto alivyoitwa nyumbani. Cheti cha kidato cha nne kikatoka Asha. Kitambulisho cha NIDA kikafuata cheti cha kuzaliwa, pasipoti ikafuata NIDA. Chuo kule Ulaya hakijui habari za nyumbani kwenu. Kimetazama vyeti, kikamdahili Asha. Siku ya kuomba viza, afisa wa ubalozi ana wasichana wawili mezani na picha moja. Dawa ipo: kiapo mbele ya wakili, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Lakini dawa hiyo inywewe sasa, msingoje wiki ya safari.

Walio na pasipoti hapa, fungueni ukurasa wa picha. Chini kabisa mnaona mistari miwili ya herufi na tarakimu, imejaa vialama kama midomo ya ndege. Kila mstari una nafasi 44, dunia nzima ni hivyo hivyo. Mashine ikipitishiwa pasipoti inasoma hapo. Mstari wa juu unaanza na P, inafuata TZA, halafu jina la ukoo, halafu majina mengine. Mashine haina ritifaa, kwa hiyo ndugu yangu Ng'wandu atajikuta NGWANDU. Hilo lisimtie hofu. Linalotisha ni lile jina la ukoo. Sisi hujiita jina letu, la baba, na la babu. Pasipoti inalichukua la mwisho kuwa la ukoo. Kijana akijikatia tiketi kwa jina lake na la baba tu, tiketi inasema ukoo wake ni baba, pasipoti inasema ni babu. Kwa mashine hao ni watu wawili.

Nilipata bibi mmoja wa pwani huku huku, anakwenda kumwona mwanawe. Mwana ndiye aliyekata tiketi kutoka ng'ambo, kwa jina analolijua tangu anazaliwa: Mwanahamisi. Pasipoti inasema Amina. Kumbe Mwanahamisi ni jina la nyumbani tu, na mwanawe hakuwahi kuona cheti cha mamaye. Kurekebisha herufi moja au mbili mara nyingi kunawezekana. Kubadili jina zima, mashirika mengi hayataki, maana tiketi haiuzwi kwa mwingine. Bibi hakuondoka siku ile.

Sasa tarehe. Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, ada yake ikawekwa Sh. 150,000, nazo hudumu miaka 10. Mtu akisikia miaka 10 anailaza kabatini, hatazami tena. Nchi nyingi za Ghuba na Asia zinataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele siku unayoingia. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, zinataka iwe hai miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ukiomba viza iwe na kurasa mbili tupu. Fanyeni hesabu na mimi: unatoka Ulaya 30 Septemba, pasipoti inaisha 20 Desemba. Unaona iko hai? Kwa kanuni hiyo imepungua siku kumi, na ni siku hizo kumi zitakazokulaza Dar.

Viza, wanangu, ina aina zake, na makosa makubwa niliyoyaona yanaanzia kwenye kutaka ile iliyo rahisi. Kuna viza ya Schengen ya muda mfupi, wanaiita C. Ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 inatakiwa, na ombi hupelekwa mapema zaidi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Inakupa hadi siku 90 katika kila siku 180. Hizo siku 180 hazianzi upya Januari. Zinatembea na wewe kama kivuli, kila siku unahesabu kurudi nyuma. Zamani mhuri uliofifia ulimwokoa mtu. Kuanzia 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuandikisha kuingia na kutoka kwa mfumo wenye picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo hesabu anaifanya kompyuta, na kompyuta haisahau.

Mwanafunzi haendi na hiyo. Mwanafunzi wa mwaka mzima anahitaji viza ya taifa husika, D, kisha akifika anaomba kibali cha ukaazi. Kuna watu mtaani watakwambia, nenda na ya utalii, utabadilisha ukifika. Kwa Mtanzania anayekwenda kusoma Ujerumani hilo kwa kawaida halikubaliki. Utarudishwa nyumbani ukaombe upya. Mtu huyo wa mtaani, kishoka, hatakuwepo.

Na huyo huyo kishoka atakutengenezea taarifa ya benki. Hapo naomba wazazi mnisikilize. Ujerumani inataka mwanafunzi aonyeshe atakula nini. Njia moja ni akaunti iliyofungiwa, wenyewe huiita Sperrkonto: unaweka yuro 11,904 za mwaka, kiwango kilichowekwa Septemba 2024, na kila mwezi unafunguliwa 992 tu. Kuna njia nyingine pia, ufadhili wa masomo au mdhamini anayeishi kule aliyetia saini kukubeba. Uingereza, ambayo haimo Schengen na ina masharti yake, inataka fedha za mwanafunzi ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Mjomba anachangisha ukoo mzima, Ijumaa hela zinaingia, Jumatatu mtoto anaomba viza. Hela ni za kweli, halali kabisa, na bado anakataliwa, kwa sababu hazijalala. Hiyo huniuma kuliko ya yule aliyeghushi. Aliyeghushi naye asidhani akikataliwa Ufaransa atajaribu Italia kimyakimya. Maombi ya Schengen hukaa kwenye kanzidata moja kwa miaka 5, na nchi zote zinaiona.

Uingereza pia, kwa anayekwenda zaidi ya miezi 6 kutoka Tanzania, cheti cha kupimwa kifua kikuu ni lazima. Kipimo kinafanywa kwenye kliniki wanayoitambua wao. Cha kutoka zahanati ya jirani, hata kikiwa cha kweli, hakihesabiki.

Nikija kwenye kupita njiani, hili ndilo lililojaza watu kwenye viti vya uwanja wa ndege. Ukinunua tiketi moja yenye kuunganisha ndege, begi lako linakwenda lenyewe hadi mwisho. Ukinunua tiketi mbili kwa sababu ni nafuu, mara nyingi utalazimika kuingia nchi ya katikati, ukachukue begi, ukapange foleni upya. Kuingia nchi maana yake viza. Unafuu umekwisha. Na kuna raia ambao hata kukaa ndani ya uwanja bila kutoka wanahitaji viza ya kupita. Ndugu zetu wa Kongo Kinshasa wamo katika orodha hiyo kwa viwanja vyote vya Schengen, isipokuwa wenye vibali fulani. Nilimwona Mkongo na Mtanzania, marafiki, safari moja, tiketi moja, mmoja akaenda, mwingine akabaki ameshika koti la mwenzake.

Ya afya nitapita haraka. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, tangu Julai 2016 ni ya maisha, lakini inaanza kazi siku ya 10 baada ya sindano. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo akaingia India bila hiyo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Dawa za maumivu zenye tramadoli au kodeini, huko Dubai na Abu Dhabi ni kesi ukiwa nazo bila kibali. Mirungi, Uingereza ni marufuku tangu 2014, hata kama kwenu inauzwa kando ya barabara kama mchicha.

Tuseme mmevuka kwangu, mmepanda, mmetua. Sheria ya viza ya Schengen yenyewe inasema kuwa na viza hakukupi haki ya kuingia moja kwa moja. Afisa anaweza kukuuliza tena yale yale: unakwenda wapi, utalala wapi, nani analipa. Sasa barua ya chuo, bima, mahali pa kulala, vyote umevifunga vizuri ndani ya begi kubwa, na begi liko chini ya ndege. Karatasi hizo zibebwe mkononi. Si kwenye simu peke yake, simu huzima. Na ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Kuna kijana aliulizwa atakaa muda gani, akajibu kwamba Mungu akipenda atakaa sana. Alikuwa anamaanisha shahada ya miaka mitatu.

Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono na pasipoti iko hewani. Njoo nayo mama, njoo mbele. Na wengine mlio nazo, zileteni mezani na barua zenu za udahili, tulinganishe majina moja moja. Tuanze na lako.