Mzimu wa Mama Hauhitaji Poda

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. MC kanipa dakika 20 na wanaonijua wanajua zitaisha sijafika popote. Na nyie mlioshanisikia mara tatu nne nikiongelea hili suala la mzimu wa mama kwenye filamu zetu, nivumilieni tu, nitaacha siku mtakayoacha kuupaka poda.

Hadithi yenyewe hakuna asiyeijua humu ndani. Mama kafa, ama kawekewa sumu ama presha imempanda baada ya kumfumania mumewe na shoga yake, tena yule shoga aliyekuwa anakuja kuazima chumvi anabaki mpaka chakula cha usiku. Arobaini haijafika bibie kashahamia, kafungua sanduku la marehemu kajifunga khanga zake. Watoto wanateswa. Saa sita usiku taa zinazima, bundi analia, mama huyoo na shuka jeupe, poda mpaka kwenye kope. Bibie anachanganyikiwa, pati tuu tunamkuta anaokota makopo. Mume analia makaburini, anasamehewa, anaoa tena. Basi.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Miaka ya 2000 hapo Magomeni, Dar, kulikuwa na kibanda umiza kimoja cha kuoneshea video, kiingilio shilingi 200, mabenchi, giza, joto la kufa mtu. Siku hiyo wanaonesha filamu ya mzimu wa mama, jina silitaji maana dairekta wake ni rafiki yangu na inawezekana yuko humu kajificha nyuma. Pembeni yangu kakaa mama muuza vitumbua, ndoo yake tupu kaibana kwa magoti, kaingia kupumzisha miguu tu. Mzimu ukatokea mara ya kwanza, mayowe. Mara ya pili watoto wakaanza kuuigiza. Mara ya tatu mtu huko nyuma akasema, "Huyu kaangukia kwenye gunia la sembe," kibanda kizima kikavunjika mbavu, mama wa vitumbua naye anacheka hana mbavu. Ikawa ndo mwisho wa mzimu, kila ukitokea watu wanacheka kabla haujafanya kitu.

Halafu ikaja sini moja hata muziki haina. Asubuhi, mtoto wa kike wa kama miaka saba, kavaa yunifomu, kakaa kwenye kigoda anajichana mwenyewe. Chanuo limenasa, nywele kavu, anavuta, linagoma, anavuta tena. Nyuma ya pazia la mlango kasimama mama yake, kawaida tu, dera lake, kichwa wazi. Anaangalia. Mkono ukanyanyuka kama anataka kulipokea lile chanuo, ukafika nusu, ukarudi chini. Mtoto akachoka, akaliacha, akachukua fagio na kidumu chake cha maji akaenda shule nywele zimechanwa upande mmoja.

Kibanda kimya, unasikia feni tu. Mama wa vitumbua akasema taratibu kama anaongea na jirani yake, "Jamani, hata mafuta hajapakwa." Akaanza kulia, na sio kile kilio chenu cha kwenye filamu, kile cha kufuta kamasi na pindo la khanga.

Miaka mingi baadaye nikamuuliza rafiki yangu, ile sini uliifikiriaje wewe? Akacheka. Akaniambia siku ile poda iliisha! Wa mekapu katumwa dukani hajarudi, nyumba wameazimwa mpaka saa nne, jua linapanda, akasema bwana shuti hivo hivo. Yaani kitu pekee kwenye ile filamu kilichomliza mtu kilipatikana kwa sababu duka lilikuwa mbali.

Na hapa ndo ugomvi wangu na nyie ulipo. Mzimu wenu una nguvu ya kuzima umeme, kufunga milango, kumtoa mtu akili, halafu mtoto wake analala njaa chumba cha pili? Kwanini usianzie jikoni? Ukimpa mama nguvu zote hizo umeshamfanya mama mbaya bila kujua. Lakini mama anayeona kila kitu na hawezi hata kushika chanuo, huyo hata ukitoka kibandani unaenda naye nyumbani.

Najua kuna mtu anataka kuniambia mwalimu, watazamaji wanataka kisasi. Sawa, kisasi, ila kwa nani? Mmejifunza Nigeria, si ndio? Filamu iliyoipandisha biashara yao ya video ni Living in Bondage, ya 1992, imechezwa kwa Kiigbo. Andy anamtoa kafara mkewe Merit apate utajiri. Mzimu wa Merit unamfuata nani? Unamfuata Andy! Aliyeapa naye ndo anayemdai. Sisi tukachukua poda tukaacha anuani. Filamu zetu mzimu unamkimbiza mwanamke mwenzie kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mwanaume yuko sebuleni anaangalia mpira.

Mwingine atasema dini haziruhusu mizimu. Ndugu yangu, bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za yatima anayelia kwenye kaburi la mama yake mpaka mama akajibu, na alfajiri kaamka anaswali bila wasiwasi wowote. Ilikuwa hadithi, na sisi tulijua ni hadithi.

Nilitaka pia niongelee Makbeth, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mushi kwa Kiswahili, pale Banquo aliyeuawa anapokuja karamuni kukalia kiti cha Macbeth, hasemi neno hata moja, na anayemwona ni Macbeth yule yule aliyetuma auawe, wageni wanaona kiti kitupu. Kisomeni. Na suala la nyumba... MC nakuona, nakuona. La nyumba kwa kifupi, mama wa kwenye skripti zenu kafa lakini hata tofali moja hajui kama ni lake. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ilikuwa ya talaka, haina mzimu ndani, ila mzimu anayejua hilo halafu anasikia mumewe anaiuza nyumba ni skripti nzima hiyo, nawapa bure.

Bundi tutamjadili siku nyingine.

Zoezi la wiki ijayo, ukurasa mmoja. Mama kafa, kasimama kwenye chumba alichokuwa analala, na mtu mwingine anafungua lile sanduku la khanga. Mama haongei, haruki, hazimi taa. Atakayeleta mekapu anibakizie getini kwa mlinzi.