Grenache Huikimbia Hewa, Mourvèdre Huitamani: Mazungumzo Kuhusu Mivinyo ya Châteauneuf-du-Pape

DEO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nimemwomba dada Neema tubaki katika kijiji kimoja tu cha kusini mwa Ufaransa, Châteauneuf-du-Pape, ambako kanuni za mwaka 1936 ziliruhusu aina 13 za zabibu kuingia katika mvinyo mmoja. Swali langu la kwanza ni la mtu asiyejua: kwa nini wakulima wasiichague aina iliyo bora kuliko zote, wakaachana na hizo nyingine?

NEEMA: Kwa sababu ile wanayoipenda kuliko zote, kaka Deo, ndiyo yenye udhaifu mkubwa inapowekwa kwa miaka mingi. Grenache ndiyo inayotawala mashamba yale. Huvumilia ukame na ule upepo mkali wa kaskazini uitwao mistral, na kwa kuwa huchelewa kuiva, hufika siku ya kuchumwa ikiwa imejaa sukari kiasi kwamba kileo cha mvinyo wake hupita asilimia 14 bila shida. Mvinyo huo ni laini na una harufu nzuri ya matunda. Lakini ganda la zabibu yake ni jembamba, rangi yake hafifu, uchachu wake mdogo, na hewa ikiugusa kupita kiasi hugeuka kahawia na kupoteza harufu mapema.

DEO: Kwa hiyo wenzake huletwa ili kuulinda?

NEEMA: Hasa Mourvèdre, na kwa kiasi fulani Syrah. Mourvèdre ina punje ndogo zenye ganda nene, na ndani ya ganda hilo mna tanini nyingi. Msikilizaji aliyewahi kung'ata bibo, au aliyekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa pamoja na majani yake kwenye birika, anaufahamu ule ukakasi unaokausha ulimi. Hiyo ndiyo tanini. Mvinyo ukiwa mchanga, ukakasi huo huudhi. Hata hivyo tanini hiyohiyo huinasa oksijeni kabla haijaharibu kitu kingine, na kadiri miaka inavyopita hushikamana na chembe za rangi, zikawa nzito na kutuama chini ya chupa. Ndiyo maana mvinyo mzee huwa laini, wekundu wake huelekea rangi ya tofali, na chini yake huwa na mashapo.

DEO: Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

NEEMA: Walisema kweli, ingawa methali hiyo ina mpinzani kijijini hapohapo, nami nitamtaja kabla hatujamaliza. Kwanza nieleze jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Watu hudhani kwamba kuchanganya ni suala la ladha peke yake, yaani tone la hiki na tone la kile mpaka kinywa kiridhike. Mimi naona ni suala la hewa. Grenache huikimbia hewa, na Mourvèdre huitamani: ukiufungia mvinyo wa Mourvèdre katika chombo kisichopitisha hewa, mara nyingi utaanza kutoa harufu ya yai viza. Basi mtengenezaji makini huchachusha kila aina peke yake, akauweka mvinyo wa Grenache katika matangi ya zege au katika mapipa makubwa ya zamani, ambamo hewa huingia kwa shida, na ule wa Mourvèdre akauweka katika mbao zinazouruhusu kupumua. Zikikutana baadaye, moja hupata ngao na nyingine hupata ulaini.

DEO: Na yale mapipa madogo ya mwaloni ya lita 225, yanayotumika Bordeaux hapo Ufaransa na Rioja kule Hispania, hayatumiki?

NEEMA: Hutumika kwa uangalifu, zaidi kwa Syrah, ambayo ina rangi nzito na ile harufu ya pilipili manga isiyofunikwa upesi na mbao. Pipa likiwa dogo, mbao zinazogusa kila lita ya mvinyo huwa nyingi zaidi, na pipa jipya hutoa harufu ya vanila na ya moshi. Grenache ikilazwa humo kwa muda mrefu, utakunywa mbao. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wanaopenda ladha hiyo na wako tayari kuilipia, lakini sioni faida ya kulima mizabibu ya miaka 60 kisha kuifunika kwa seremala.

DEO: Uamuzi wa kuchanganya hufanyika lini?

NEEMA: Wengi huanza kuonja majira ya baridi au ya kuchipua baada ya mavuno. Huchukua sampuli za kila tangi, wakapima kwa mililita, wakaonja, wakarekebisha, na kurudia kazi hiyo siku nyingine wakiwa na ulimi usiochoka. Hapo hesabu haifuati kanuni tulizofundishwa shuleni, kwani asilimia 5 tu ya Mourvèdre inaweza kubadili mwisho wa ladha nzima. Kusini-mashariki, kwenye pwani ya Bandol, wamekwenda mbali zaidi: kanuni zao zinataka mvinyo mwekundu uwe na angalau nusu ya Mourvèdre, na ukae katika mbao kwa muda usiopungua miezi 18. Ukiuonja ukiwa mchanga, utaelewa kwa nini wanasubiri.

DEO: Bado unanidai yule mpinzani.

NEEMA: Ni Château Rayas, shamba mojawapo la mvinyo la hapo. Mvinyo wake mwekundu hutokana na Grenache peke yake, hukomazwa katika mapipa yaliyotumika miaka mingi, nao huishi kwa miongo kadhaa. Lakini tazama shamba lenyewe: udongo wake ni wa kichanga, si yale mawe ya mviringo yanayopigwa picha na kila mgeni, na limezungukwa na miti inayolipatia ubaridi. Huko uwiano ambao wengine huutafuta kwa kuchanganya aina mbalimbali hutafutwa shambani, kwa kuchagua udongo na mahali. Jirani yao, Château de Beaucastel, amefuata njia ya pili kwa kupanda aina zote 13. Mivinyo yote miwili huzeeka vizuri, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba njia ni moja.

DEO: Kuna msikilizaji wa Dar es Salaam ambaye ana chupa ya mwaka 2016 na ameiweka juu ya kabati. Anauliza kama aiache izeeke zaidi.

NEEMA: Kukomaa tulikokueleza hutaka ubaridi usiobadilikabadilika, wa nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 30 mvinyo hauzeeki bali hupikika, na kizibo kinachokauka husinyaa na kuingiza hewa ile ambayo Grenache huikimbia. Kama hana mahali pa baridi, asingoje. Kwanza aiondoe kabatini na kuiacha ikiwa wima siku nzima ili mashapo yatuame, aipoze kidogo kwenye friji kabla ya kuifungua, kisha amimine polepole na kuacha kile kidogo cha chini ndani ya chupa.