Daftari Kabla ya Maelezo: Kuwatazama Wanyama katika Misitu ya Tropiki

Wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda uwandani,

Habari za viatu, dawa na vyandarua mtazipata kwa viongozi wenu wa safari. Mimi ningependa tuzungumzie jicho, kwa kuwa ndicho chombo ambacho kila mmoja wenu ataondoka nacho bila kukipima.

Mwanafunzi anayeingia msituni kwa mara ya kwanza huandika yale yanayomshtua: nyani wawili wanaopigana, mama anayempokonya mwanawe chakula, kundi linalotimua mbio. Jioni anapofungua daftari hukuta kurasa zimejaa ugomvi, akadhani kwamba wanyama wale huishi kwa ugomvi, ilhali kwa saa nyingi walikuwa wakila, wakipumzika au wakichambuana manyoya. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, alilichambua tatizo hili katika makala yake ya mwaka 1974, na njia alizozieleza tunazifundisha mpaka leo. Mojawapo ni kumteua mnyama mmoja kabla ya kuanza, kumfuata kwa muda uliopangwa, tuseme dakika 10, na kuandika kila anachofanya, hata kama yeye anasinzia na jirani zake wanararuana. Akijificha nyuma ya majani, muda huo nao uandikwe kuwa hakuonekana, kwa maana ukiuacha wazi utajikuta unaujaza kwa kubahatisha.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Kisiwa cha Barro Colorado, nchini Panama, ni kilele cha kilima kilichozungukwa na maji baada ya Mto Chagres kuzuiwa kwa ajili ya Mfereji wa Panama, na tangu miaka ya 1920 kimekuwa mahali pa utafiti. Humo kuna sisimizi wakata majani. Ukichuchumaa kando ya njia yao utawaona wakipita mmoja mmoja, kila mbebaji ameinua kipande cha jani kama tanga, akikipeleka chini ya ardhi kulishia kuvu ambayo jamii yao huilima. Sogeza uso zaidi, na juu ya baadhi ya vipande hivyo utaona sisimizi mwingine, mdogo mno, aliyepanda tu bila kubeba chochote.

Mwanafunzi huandika: "Mvivu anabebwa." Tayari ametoa hukumu. Angeandika kwamba sisimizi mdogo yuko juu ya jani, kichwa kimeelekea juu, taya ziko wazi, pamoja na saa na mahali, angekuwa na kitu cha kuhesabu. Wapo nzi wadogo wa jamii ya foridi wanaotaga mayai katika mwili wa sisimizi mbebaji, ambaye hawezi kujitetea kwa taya zilizoshika jani, na yule mdogo huwazuia. Hata hivyo, wapandaji huonekana pia wakati nzi hao hawapo, na watafiti wamependekeza kwamba huenda wanalisafisha jani lisiingize vimelea katika bustani ya kuvu. Kuyapima maelezo hayo mawili kunahitaji hesabu za mchana na za usiku, za wapandaji na za nzi, na neno "mvivu" lingeifunga kazi yote hiyo kabla haijaanza.

Usiku, katika kisiwa hichohicho, dume la chura wa tungara huita kwa mlio mrefu unaoshuka, na mara nyingine huongeza miguno mifupi. Majike huvutiwa zaidi na mlio wenye miguno. Vivyo hivyo popo mla vyura, kama Michael Ryan na Merlin Tuttle walivyoonyesha kwa kurusha milio hiyo kupitia vipaza sauti. Anayemtazama chura peke yake hatambui ni kwa nini dume hunyamaza na kuacha miguno, kwani nusu ya jibu iko hewani.

Kwa hiyo naomba kila kundi litumie siku mbili za mwanzo bila kukusanya takwimu zozote. Tazameni, kisha andikeni maana ya kila kitendo mnachokusudia kuhesabu. Siku ya tatu, wawili wamfuate mnyama yuleyule kwa muda uleule bila kuoneshana madaftari, na jioni muyaweke mezani sambamba. Mmoja akiwa ameandika "kutishia" mara 9 na mwenzake mara 3, msigawanye tofauti katikati. Irudieni maana ya neno hilo, na asubuhi mrudi kwa mnyama yuleyule.